Jinsi ya kuipiga "Prelude" ya Final Fantasy kwenye kinanda

Ukiwasha gemu ya kwanza ya Final Fantasy, ile iliyotoka Japani tarehe 18 Desemba 1987 kwa Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, kabla hujapigana na yeyote unasikia nota zikipanda moja moja, zinafika juu kabisa, kisha zinashuka kwa njia ileile. Halafu zinaanza tena chini kidogo ya pale zilipoanzia. Hakuna ngoma wala besi, ni hizo nota tu, na zimetosha kumfanya mtu akae kimya mbele ya televisheni.

Wimbo huo ndio "Prelude", na aliyeutunga ni Nobuo Uematsu, mzaliwa wa Kochi mwaka 1959, ambaye kwa sehemu kubwa muziki alijifundisha mwenyewe. Amewahi kusimulia kuwa aliuandika kwa muda mfupi sana. Tangu hapo wimbo huu umerudi katika gemu nyingi za mfululizo huo, ambao sasa umefika namba 16, na kila ukirudi umevaa nguo nyingine. Mfupa wake, yaani nota zinazopanda na kushuka, umebaki uleule.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu mwenye kinanda cha kawaida ambaye hajawahi kukaa darasa la muziki. Mimi mwenyewe nilijifunzia kwenye kinanda cha kwaya, nikikitumia saa za mchana kanisa likiwa tupu, na nilipoteza wiki nyingi kwa kuuvamia wimbo bila mpango. Ukifuata hatua hizi, kwa mazoezi ya nusu saa kwa siku, wiki nne zinatosha kuupiga wote bila kusimama.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kugusa kitufe

Tenga jioni moja. Tafuta matoleo manne na uyasikilize kwa mpangilio huu.

Anza na lile la 1987. Famicom ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya kucheza vipande vifupi vilivyorekodiwa. Kwa hiyo unachosikia ni wimbo ukiwa uchi. Hesabu kwa kidole: nota 16 kwenda juu, nota 16 kushuka. Ukiweza kuhesabu hadi mwisho bila kupotea, tayari umeuelewa kuliko wengi wanaoupenda.

Kisha nenda Final Fantasy IV ya mwaka 1991, iliyotoka kwa Super Famicom. Mashine hii ilikuwa na njia nane za sauti, na hapa ndipo Uematsu alipoweka sauti ndefu ya kuimba juu ya zile nota. Watu wengi wakiulizwa waimbe "Prelude" huimba sauti hiyo ya juu, ambayo katika gemu ya kwanza haikuwepo.

La tatu liwe la Final Fantasy VII, mwaka 1997, ambapo kila kitu kimelainika. La nne ni la Final Fantasy X, mwaka 2001: limegeuzwa kuwa muziki wa kielektroniki wenye mdundo. Sisemi ndilo zuri kuliko yote, ila linafundisha kitu muhimu. Unaweza kuuwekea wimbo huu ngoma nzito chini yake na bado mtu akautambua kwa nota nne za mwanzo.

Ukibaki na muda, sikiliza pia okestra. Maonyesho ya muziki wa Final Fantasy yaitwayo Distant Worlds, ambayo yamezunguka dunia tangu 2007 chini ya kiongozi wa okestra Arnie Roth, humpa mpiga kinubi kazi ya nota hizi. Ukimsikiliza utaelewa mikono yako inatakiwa kuiga nini: nyuzi zinazoguswa kwa wepesi na kuachwa zilie zenyewe. Mtu aliyekulia karibu na taarab ya Unguja atamkumbuka mpiga kanuni anapoteremka kwenye nyuzi zake, na ukumbusho huo ni msaada mzuri tu.

Hatua ya 2: Pima kinanda chako

Wimbo unataka oktava nne na kidogo; oktava ni umbali wa kutoka C moja hadi C inayofuata, na C ni kitufe cheupe kilicho kushoto tu kwa kila vitufe viwili vyeusi vilivyokaa pamoja. Kinanda cha vitufe 61 kinautosha barabara, kwa sababu nota ya juu kabisa ni C ya mwisho upande wa kulia, kitufe cha mwisho kabisa. Nota ya chini kabisa ni A-flati (kitufe cheusi, nitakieleza Hatua ya 3) iliyo chini ya C tutakayoanzia.

Tafuta C ya katikati. Kwenye kinanda cha vitufe 61 ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto. Sasa shuka oktava moja, yaani C ya pili. Hapo ndipo mwanzo wetu. Bandika kipande kidogo cha karatasi ya gundi hapo, kitakuokoa siku za mwanzo.

Kama una vitufe 49, piga oktava tatu badala ya nne. Wimbo utakuwa mfupi lakini hautaharibika. Kinanda kisicho na pedali ya mguu, ile inayoziacha nota ziendelee kulia, bado kinafaa, ila ukiweza kuazima pedali ifikapo wiki ya tatu, azima.

Hatua ya 3: Jifunze makundi manane

Hapa ndipo penye wimbo wenyewe, kwa hiyo tusiharakishe.

Kila kundi lina nota nne. Unazipiga nne hizo, unazirudia oktava ya juu yake, tena na tena hadi mara nne, kisha unarudi chini. Makundi yanafuatana hivi, nota ya kwanza ya kila kundi ikiwa ndiyo ya chini:

1. C, D, E, G
2. A, B, C, E
3. C, D, E, G
4. A, B, C, E
5. A, C, F, G
6. B, D, G, A
7. A-flati, C, E-flati, G
8. B-flati, D, F, A

Kisha unarudi namba 1. Ukiwa umeimba kwaya na unasoma kwa herufi za do, re, mi, kundi la kwanza ni d r m s, la pili ni l t d m, la tano ni l d f s, la sita ni t r s l. Waimbaji wa sauti ya nne wakiziimba polepole pamoja nawe, sikio linashika haraka kuliko kwa kutazama vidole.

Kwa asiyejua flati: A-flati ni kitufe cheusi kilicho kati ya G na A, B-flati ni cheusi kilicho kati ya A na B, na E-flati ni cheusi kilicho kati ya D na E.

Sasa tazama jambo lililonipunguzia mzigo nusu nzima nilipoliona. Makundi ni manane, lakini maumbo ya mkono ni manne tu. La 3 na la 4 ni marudio ya 1 na 2. La 6 ni la 5 lilelile limesogezwa kulia hatua moja nzima (vitufe viwili, vyeusi vikihesabiwa), nota zote nne kwa pamoja: A inakuwa B, C inakuwa D, F inakuwa G, G inakuwa A. La 8 nalo ni la 7 lililosogezwa kulia kwa kipimo hichohicho. Kwa hiyo usikariri nota 32, kariri maumbo manne na safari mbili za kusogea.

Na kwa nini yanasikika vile? Chukua kundi la 1: ni kordi (nota zinazolia pamoja) ya C, yaani C, E na G, iliyoongezewa D, nota ya pili ukihesabu kutoka C. La 2 ni kordi ya A ndogo (minor), yaani A, C na E, iliyoongezewa B, nayo ni nota ya pili. La 5 ni F iliyoongezewa G, la 6 ni G iliyoongezewa A. Kote mtunzi amefanya jambo moja, kuongeza nota ya pili kwenye kordi ya kawaida, na nota hiyo ndiyo inayoizuia kordi isitulie kabisa. Inabaki kama maji yaliyoguswa.

Halafu kundi la 7 linaingia. A-flati na E-flati si za ukoo wa C kubwa (major), ambao ni vitufe vyeupe tu. Zimeazimwa kutoka C ndogo. Masikio yalikuwa yamezoea vitufe vyeupe peke yake, na ghafla chumba kinabadilika rangi. Kundi la 8 linapanda hatua moja, na hatua nyingine ya ukubwa uleule inakurudisha C. A-flati, B-flati, C: ngazi tatu, na ya mwisho ni nyumbani. Kwangu hapo ndipo wimbo mzima unapofunguka. Unapofanya mazoezi, usiyapige makundi haya mawili kana kwamba ni daraja tu la kurudia mwanzo. Yape uzito kidogo kuliko mengine.

Kwa siku tatu za kwanza piga kila kundi nota zote nne kwa pamoja, mkono mmoja, bila kuzitawanya. Sema jina la nota ya chini kwa sauti. Lengo ni mkono ulijue umbo kabla haujaanza kukimbia.

Hatua ya 4: Gawanya kazi kati ya mikono miwili

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka mkono wa kulia ufanye safari yote peke yake. Hauwezi kwa ulaini. Mikono inapokezana.

Hesabu vidole hivi: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5. Kila mkono ufungue oktava nzima ili vidole vyote vitano viwe na kitufe chake. Kwa kundi la 1 mkono wa kulia unakaa hivi: gumba C, 2 kwenye D, 3 kwenye E, 4 kwenye G, na 5 kwenye C ya juu. Mkono wa kushoto unakaa kinyume: 5 kwenye C ya chini, 4 D, 3 E, 2 G, na gumba C ya juu.

Kupanda:
kushoto hupiga oktava ya kwanza kwa 5-4-3-2;
kulia hupiga ya pili kwa 1-2-3-4;
kushoto huruka juu ya kulia na kupiga ya tatu kwa 5-4-3-2;
kulia hupita chini yake na kupiga ya nne kwa 1-2-3-4.

Kushuka:
kulia, ambao uko juu tayari, hupiga C ya mwisho kwa kidole cha 5, kisha 4-3-2, yaani C, G, E, D;
kushoto nao uko tayari oktava inayofuata, hupiga 1-2-3-4;
kulia hushuka na kupiga 5-4-3-2;
kushoto humalizia kwa 1-2-3-4.

Angalia kinachotokea mwishoni. Nota ya mwisho ya kushuka ni D, iliyopigwa kwa kidole cha 4 cha mkono wa kushoto. Nota inayofuata ni A iliyo chini yake, mwanzo wa kundi la 2, na kidole cha 5 kinaifikia kwa kunyoosha kidogo tu.

Siri ya kuruka ni muda. Mara mkono wa kushoto unapomaliza nota yake ya nne, uanze safari papo hapo wakati kulia bado unapiga. Ukisubiri zamu yako ifike ndipo uruke, umechelewa, na pengo litasikika. Fanya zoezi hili: piga nota ya kwanza tu ya kila oktava, kushoto, kulia, kushoto, kulia, halafu urudi. Dakika tano kila siku kabla ya kitu kingine chochote.

Umbo la 5 na 6 lina pengo pana kati ya nota ya pili na ya tatu. Usikaze kiganja, acha kifundo cha mkono kifuate vidole kulia na kushoto. Umbo la 7 na 8 linaweka gumba au kidole kidogo kwenye kitufe cheusi. Kwa hilo sogeza mkono wote ndani, karibu na ubao wa kinanda, ili vidole vingine vipige vitufe vyeupe katikati ya vyeusi. Utaona ajabu mwanzoni. Siku ya tatu mkono hautauliza tena.

Hatua ya 5: Usawa kwanza, kasi baadaye

Wimbo mzima, makundi manane mara nota 32, ni nota 256. Hakuna hata moja iliyo ndefu kuliko mwenzake. Ndiyo maana ni mwepesi kusikia na mgumu kupiga: popote mkono unapoyumba, msikilizaji anajua.

Weka metronomu, yaani kifaa cha kugonga mapigo sawasawa, ya kwenye simu inatosha, na upige nota nne kwa kila pigo. Wiki ya kwanza baki kwenye mapigo 40 kwa dakika na makundi mawili ya mwanzo tu. Wiki ya pili mapigo 50, makundi sita. Wiki ya tatu makundi yote kwa 60. Wiki ya nne panda polepole hadi 80, kasi inayoufaa wimbo huu vizuri. Kwa kasi hiyo mzunguko mmoja unachukua sekunde 48.

Jirekodi kwa simu kila baada ya siku mbili, kisha sikiliza ukiwa umefumba macho. Unatafuta jambo moja: je, unaweza kutambua mikono inapopokezana? Ukitambua, bado. Mara nyingi gumba la kulia ndilo linalogonga kwa nguvu kuliko wengine. Dawa yake ni kupiga kundi zima kwa sauti ya chini kabisa ambayo kinanda kinairuhusu, kisha kupandisha sauti kidogo kidogo.

Nota za juu zisipigwe kwa nguvu kwa sababu tu ziko juu. Zenyewe zinang'aa. Mimi huzipunguza kidogo ninapokaribia kilele, na kile C cha mwisho nakigusa tu.

Hatua ya 6: Pedali

Kanyaga mwanzo wa kundi, achia na ukanyage tena mwanzo wa kundi linalofuata. Basi. Chini, pale nota zilipo karibu kama C, D na E, sauti huchafuka, kwa hiyo usikanyage hadi mwisho. Kwa makundi ya 7 na 8 badilisha kwa uangalifu kuliko kote, kwa sababu A-flati ikibaki hewani wakati C kubwa inarudi, pale niliposema wimbo unafunguka panajifunga.

Hatua ya 7: Sauti ya kuimba juu

Ukishaupiga peke yako, tafuta mwenzako wa filimbi, fidla au sauti ya binadamu aimbe ile sauti ndefu iliyoanza na Final Fantasy IV. Usitafute nota zilizoandikwa kwanza. Sikiliza toleo la 1991 mara kumi, imba pamoja nalo, ndipo utafute kila nota kwenye kinanda. Kama huna mwenzako, rekodi nota zako 256 kwenye kinanda, kisha ziimbie mwenyewe. Ukitaka kutunga sauti yako ya juu, anza na nota moja ndefu kwa kila kundi, ichaguliwe kati ya nota nne za kundi hilo. Haitakosea.

Hatua ya 8: Kwa anayetaka sauti ya Famicom yenyewe

Pakua FamiTracker, programu ya bure inayoiga chipu ya sauti ya mashine ile; nota huandikwa humo mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Tumia njia mbili za mraba na uache nyingine wazi. Andika nota zote kwenye njia ya kwanza, moja kila baada ya mistari miwili. Chipu hiyo ina maumbo manne ya wimbi la mraba: asilimia 12.5, 25, 50 na 75. Chagua 50 kwa sauti nene na laini.

Halafu nakili nota zote kwenye njia ya pili, zisogeze chini mistari mitatu, na upunguze sauti yake hadi karibu nusu. Ngazi za sauti ni 16, kwa hiyo kama ya kwanza iko juu, ya pili iweke kwenye 6 au 7. Hapo mwangwi unazaliwa bila kifaa chochote cha mwangwi. Ni mbinu ya watunzi wa mashine zile: njia ya pili inamfuata mwenzake kama kivuli. Ukiisikia mara ya kwanza ikitoka kwenye kompyuta yako mwenyewe utakaa kidogo bila kusema.

Muziki huu ni mali ya Square Enix, kampuni ya gemu za Final Fantasy. Kuupiga nyumbani, kanisani au mbele ya marafiki ni furaha yako. Ukitaka kuuza rekodi yako, pata leseni kwanza.

Namna ya kumaliza

Ndani ya gemu wimbo hauishi. Baada ya kundi la 8 linarudi la 1, na linaendelea hivyo hadi mchezaji abonyeze kitufe. Kwa hiyo ukipiga mbele ya watu itabidi ujitengenezee mwisho. Ukifika kundi la 8, lile la B-flati, usishuke haraka. Punguza mwendo kwenye nota nne za mwisho, ingia kundi la 1 kwa kasi ya nusu, panda oktava zote nne ukiwa umekanyaga pedali, gusa C ya juu kabisa, na usishuke. Inua mikono, mguu ubaki pale pale hadi sauti iishe yenyewe.